Dereva mlevi: Damu haisubiri asubuhi

(Mazungumzo ya tabibu mstaafu mbele ya walimu na watumishi wa serikali, Mwanza)



Mmenitaka nizungumze juu ya ulevi barabarani. Jambo hilo ni pana, na wengi wamekwisha kulisema kwa ufasaha kunishinda mimi. Kwa hiyo nitachukua kipande kimoja tu, kile nilichokiona kwa macho yangu katika miaka niliyofanya kazi ya utabibu kando ya ziwa letu. Nataka kuzungumzia saa zile chache baada ya dereva anayeshukiwa kulewa kufikishwa kituo cha polisi, kabla hajaonana na hakimu. Saa hizo hazizungumzwi sana, na ndizo zinazoamua kila kitu.

Zaidi ya miaka 30 iliyopita niliitwa alfajiri katika kituo kimoja ambacho sitakitaja. Usiku uliotangulia lori lilikuwa limeacha njia na kuingia mtaroni. Dereva alikutwa akipayuka maneno yasiyoeleweka, akiyumba, na akitaka kupigana na kila aliyemshika. Shati lake lilinuka gongo. Askari walimweka mahabusu ili alale na pombe imtoke, na kulipokucha hakuamka. Nilimkuta amelegea, mwili umelowa jasho la baridi. Katika mfuko wake wa suruali mlikuwamo kadi ya kliniki ya kisukari. Tulimtia maji ya sukari katika mshipa, naye akafumbua macho. Gongo ile, tulikuja kuelewa baadaye, ilikuwa ya utingo wake, na ilimwagika wakati lori lilipoyumba. Mtu yule alipona, lakini ubongo uliokaa usiku kucha bila sukari haurudi ulivyokuwa. Hakuendesha gari tena, na mara kwa mara alisahau majina ya watoto wake.

Mwaka huohuo, katika kituo hichohicho, aliletwa dereva mwingine aliyemgonga mwenye baiskeli. Huyu alikuwa amelewa kwelikweli, na kila mtu pale alijua. Damu yake ilichukuliwa kesho yake saa tano asubuhi, baada ya daktari kupatikana. Majibu yaliporudi hayakuonyesha kitu cha maana, na shtaka la ulevi likaanguka.

Sikuwalaumu askari wale, wala leo siwalaumu. Walikuwa na macho na pua tu, na kwa macho na pua mgonjwa wa sukari na mlevi hufanana mno. Hufanana pia mlevi na mtu aliyeumia kichwa, au mtu ambaye malaria imempanda ubongoni, maradhi ambayo sisi wa kanda hii hatuhitaji kuelezwa. Kuna hata wagonjwa wa kisukari ambao sukari ikiwapanda kupita kiasi pumzi yao hutoa harufu tamu, na asiyejua huiita harufu ya pombe. Tone moja la damu kutoka ncha ya kidole huonyesha sukari kwa muda usiotimiza dakika moja. Kwa hiyo ninaposema damu ipimwe kituoni nina makusudi mawili. La kwanza ni kujua kama tuliyemfungia ndani ni mgonjwa, na la pili ni kupata ushahidi wa ulevi kabla haujapotea.

Naomba tukae kidogo juu ya huko kupotea kwa ushahidi. Kilevi kikiisha kuingia katika damu, ini hukiondoa kwa mwendo wake lenyewe. Kwa watu wengi mwendo huo ni kama miligramu 15 kwa kila mililita 100 za damu kwa saa moja. Wapo wa 10, na wapo wanaofika 20 na kuzidi. Kahawa haiharakishi kazi hiyo, wala kuoga maji baridi. Sasa tuseme dereva amekamatwa saa nne usiku akiwa na miligramu 120. Askari wanaandika maelezo, wanatafuta gari la kumpeleka hospitali, wanamkuta tabibu wa zamu yuko peke yake na mama anayejifungua, na tabibu huyo hawezi kumwacha mzazi kwa sababu ya mlevi. Damu inatoka saa nane. Miligramu 60 zimekwisha kwenda na zilizobaki ni 60, ambapo kikomo cha sheria ni 80. Mtu aliyekuwa hatari kwa kila mtoto aliyekuwa njiani saa nne, saa nane karatasi inasema hana kosa. Mtaalamu anaweza kupiga hesabu ya kurudi nyuma, lakini wakili mzuri ataivuruga hesabu hiyo. Atauliza mtu huyu ini lake lina mwendo gani, alikunywa saa ngapi, na alikula nini. Na atakuwa na haki ya kuuliza, kwa kuwa aliyekunywa muda mfupi kabla ya kukamatwa huenda kilevi chake kilikuwa bado kinapanda.

Sheria tunayo. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 ndiyo iliyoweka kikomo hicho cha miligramu 80, na kwa dereva wa chombo cha biashara kikomo ni sifuri. Shirika la Afya Duniani linashauri kikomo kisizidi 50, na mimi ningependa tufike huko, lakini hilo ni la Bunge. Sheria hiyohiyo inamruhusu askari kudai pumzi, na kisha kudai sampuli ya damu au ya mkojo kituoni au hospitalini. Maabara tunayo pia, kwani Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina ofisi ya Kanda ya Ziwa hapahapa Mwanza. Kinachokosekana ni kile kipande cha katikati, yaani mkono wa kuitoa damu hiyo kwa wakati na kwa njia ambayo hakimu ataiamini.

Mtasema, mbona kipo kifaa cha pumzi? Kipo, na kinafanya kazi njema, hasa asubuhi katika stendi kabla mabasi hayajaondoka. Lakini pumzi haimfai dereva aliyevunjika mbavu, wala aliyezimia, wala anayekataa kupuliza. Bangi na dawa za kulevya kifaa hicho hakizioni kabisa. Hata damu yenyewe, kwa bangi, husema kwa tahadhari, kwa sababu mabaki yake hukaa mwilini muda mrefu baada ya kichwa kutulia. Hapo mpimaji hana budi kumtazama mtu pamoja na damu yake.

Majirani zetu wa Kenya walituonyesha jambo jingine. Mwishoni mwa 2013 walianza kupima pumzi barabarani kwa nguvu, na kifaa chao, Alcoblow, kikawa gumzo la kila baa. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ikazitengua kanuni zilizokuwa zikitumika, kwa kuwa hazikulingana na sheria mama. Kazi ya miaka mitatu na zaidi ikayumba kwa sababu ya maandishi. Sisi watumishi wa serikali, ambao maisha yetu ni fomu na mafaili, tunajua vema kwamba jambo jema lililoandikwa vibaya huwa silaha ya mkosaji.

Huko Marekani walikwenda mbali zaidi. Katika jimbo la Arizona, tangu miaka ya 1990, askari wenyewe wamekuwa wakifundishwa kutoa damu, ili wasipoteze muda kumtafuta muuguzi. Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilikubali mwaka 1966 kwamba damu ya dereva inaweza kutolewa hata akikataa, lakini mwaka 2013 ikasema kuyeyuka kwa kilevi peke yake si sababu ya kutosha kila mara ya kumpita hakimu. Mwaka 2016 ikaweka tofauti kati ya pumzi na damu, kwamba pumzi ni jambo dogo, ila sindano inaingia mwilini mwa mtu na inahitaji hati. Nimeyafikiri sana hayo ya Arizona. Muda wanauokoa, sikatai. Hata hivyo, kwetu sisi nisingependa mkono uliomkamata mtu ndio ushike sindano. Katiba yetu inakataza mtuhumiwa kutendewa kama mkosaji kabla ya kuthibitika hatia, na inamhifadhi kila mtu katika nafsi yake. Askari na abakie na pingu, na daftari la matukio. Sindano iwe ya tabibu au muuguzi, aliyekula kiapo kingine.

Basi nasema hivi. Kila wilaya iwe na orodha ya zamu ya watumishi wa afya ambao polisi wanaweza kuwaita kituoni usiku, na waende wao kituoni badala ya mtuhumiwa kuzungushwa. Si lazima wawe madaktari. Tabibu wa zahanati anatosha, na muuguzi mzoefu mara nyingi humshinda daktari kwa kuupata mshipa. Sanduku lenyewe ni dogo: glovu, sindano mpya, kipimo cha sukari, na mirija yenye floridi ya sodiamu, ileile inayotumika hospitalini kwa damu ya kupimwa sukari. Floridi hiyo huzuia damu isichache ndani ya mrija. Bila hiyo, katika joto hili letu, vijidudu vyaweza kutengeneza kilevi ambacho mtu hakukinywa. Kadhalika ngozi isisafishwe kwa spiriti. Nimewahi kumwona kijana hodari akimpangusa mtuhumiwa wa ulevi kwa pamba iliyoloa spiriti, halafu akashangaa nilipomzuia!

Kwanza apimwe sukari na atazamwe kichwa. Akiwa mgonjwa, mambo ya polisi yangoje. Akiwa mzima, damu itolewe mirija miwili, ifungwe kwa lakiri mbele yake, na iandikwe saa na dakika. Mrija mmoja uende kwa Mkemia na wa pili utunzwe kwa ajili yake. Waingereza, ambao waliweka kikomo cha 80 kama chetu katika sheria yao ya mwaka 1967, humpa mtuhumiwa akiomba sehemu ya sampuli yake akaipime kwa mtaalamu wake mwenyewe. Jambo hilo limewapunguzia manung'uniko mengi. Na fomu itamke wazi kwamba damu hiyo itapimwa kilevi na dawa za kulevya tu. Watu wetu wanaogopa, nao hawana makosa, kwamba damu ikiisha kutoka itapimwa hata virusi vya UKIMWI. Sheria ya mwaka 2008 inakataza kumpima mtu virusi bila ridhaa yake, isipokuwa kwa hali chache zilizotajwa, lakini nani amemsomea sheria hiyo dereva wa lori saa sita za usiku?

Wengine watasema hatuna watu wa kutosha. Ni kweli hatuna. Lakini hao hao wachache tunawaamsha usiku kwa ajili ya majeruhi, tena majeruhi akiwa na PF3 yake mkononi. Ikiwa tumeweza kuizoeza nchi nzima fomu ile ya polisi kwa aliyegongwa, sioni kwa nini tushindwe kuizoeza fomu nyingine kwa aliyegonga.

Haraka yangu ina sababu ya hapa kwetu. Zamani dereva wa usiku aliyetoka Mwanza kwenda Sengerema na Geita alisimama Kigongo akingoja kivuko, na kule kungoja kulikuwa kizuizi chema. Aliyelewa alionwa, au alisinzia garini mpaka asubuhi. Tangu Juni 2025 tunalo daraja la Kigongo–Busisi, kama kilometa tatu juu ya maji, na dereva hupita bila kusimama. Tumelisubiri daraja hilo kwa miaka mingi na mimi ni mmoja wa walioshangilia. Ila foleni ya kivuko, ambayo sote tuliilaani, ilikuwa ikitufanyia kazi ya ulinzi bila mshahara, na sasa haipo.

Ninyi walimu mmo katika vikao vya kata, na ninyi watumishi mmo katika halmashauri. Nawaomba mwulize swali moja katika kikao kijacho: dereva akiletwa kituo chetu cha polisi saa nne usiku, nani atamtoa damu, na atafika saa ngapi? Msikubali kujibiwa kwamba jambo linashughulikiwa. Takeni jina la mtu wa zamu na namba yake ya simu.

Nimemaliza, Ndugu Mwenyekiti. Nitajibu maswali, na najua la posho ya zamu ya usiku litakuwa la kwanza.