Paa Aliyepewa Uji wa Mtama

Kituo hiki hakina haja ya kurudia tangazo la wiki hii kuhusu kupitiwa upya kwa vitabu vya hadithi vya madarasa ya chini, kwa kuwa wasikilizaji wamekwisha kulisikia. Kinachotia wasiwasi ni kwamba, katika mabishano yote yaliyofuata, hakuna aliyeuliza mnyama wa mwituni anasawiriwaje humo, wala binadamu anayekutana naye anasawiriwaje.

Khurafa, yaani ngano ambazo wahusika wake ni wanyama wanaosema na kutenda kama watu, hazikutungwa ili kumchekesha mtoto tu. Katika kisa cha Sultani Darai, alichokichapisha Edward Steere mwaka 1870 kutokana na masimulizi ya Unguja, paa aliyenunuliwa na maskini kwa thumni iliyookotwa jaani anamposea bwana wake binti wa sultani, anamuua nyoka wa vichwa saba na kumpatia bwana wake jumba la nyoka huyo. Kisha anapougua, bwana huyo anaagiza apewe uji wa mtama mwekundu, na hata kwenda kumtazama hataki. Paa anakufa, na bwana anajikuta jaani, akiparura vumbi kama zamani. Hapo mnyama ndiye anayempima mtu.

Vitabu vingi vya leo vimemfuta mtu huyo na kumbakiza Fisi. Fisi ni mlafi, Fisi ni mjinga, Fisi hula alichoua mwingine. Hans Kruuk, aliyewachunguza fisi wa Ngorongoro na Serengeti katika miaka ya 1960, alionyesha kwamba fisi huwinda wenyewe sehemu kubwa ya chakula chao, na kwamba huko Ngorongoro mara nyingi simba ndiye aliyewapokonya. Lakini kitabuni, Fisi ni mlafi.

Na picha, ambazo kituo hiki hakijachoka kuzilalamikia, ni zile zile za kuazima: simba katikati ya msitu mnene ilhali makazi yake hasa ni nyika, na chui milia, mnyama wa Asia, akinywa maji pamoja na twiga. Mwandishi Kipling alipomweka chui milia katika The Jungle Book mwaka 1894 alikuwa na haki, kwani Mowgli, mtoto wa hadithi hizo, anaishi India. Mchoraji wa kitabu cha mtoto wa Singida hana udhuru huo.

Basi wahakiki na wamrudishe paa, wamrudishe na bwana wake asiye na shukrani, wamtoe chui milia! Wachapishaji na wawalipe wachoraji waliowahi kumwona twiga! Na wazazi, kabla ya kulipia kitabu, na wapekue picha wakimtafuta chui milia. Wakimkuta kando ya twiga, wakirudishe kitabu kwenye rafu.