Kisu Butu Kinadai Nguvu

Somo: Mhubiri 10:10



Mhubiri anatuonyesha mtu aliyeacha chuma chake bila kukinoa. Sasa anatoka jasho kwa kazi ambayo hekima ingeirahisisha. Neno hilo tulijifunza jikoni, kabla hatujajua kulisoma.

Tulipokuwa watoto, mama alikuwa na visu viwili. Chenye makali alikificha juu ya kabati. Kile butu alituachia sisi, akidhani hakiwezi kumwumiza mtu. Siku moja, yeye akiwa shambani, tulikaa kumenya mihogo. Kisu kikakataa kuingia. Mdogo wetu akakisukuma kwa nguvu zote, kikateleza juu ya ganda, kikamkata kidole gumba.

Tuliogopa fimbo kuliko damu. Tukafunga kidole kwa kitambaa kichafu, tukapatana kunyamaza. Siku ya tatu, kwenye maombi ya jioni, mama akaona mtoto anashindwa kupiga makofi. Alipofungua kitambaa, kidole kilikuwa kimevimba, kina usaha. Usiku ule ule alimbeba mgongoni mpaka kituo cha afya.

Waliporudi, tulingoja fimbo. Lakini mama alikaa chini pamoja nasi, akateremsha kile kisu chenye makali, akatufundisha. Kata ukielekeza makali mbali na mwili wako. Usikimbie na kisu mkononi. Kikianguka, kiache kianguke, usikidake. Ukimpa mwenzako, mpe mpini. Na ukikatwa, osha kwa maji safi na sabuni, gandamiza kwa kitambaa safi, kisha sema upesi, usifiche.

Mwishoni akasema: "Kosa ni langu. Niliwakataza, sikuwafundisha."

Wazazi wenzetu, sisi tunalea kwa chombo gani? Kelele na fimbo bila mafundisho ni kisu butu: vinadai nguvu nyingi, na vinaacha vidonda vinavyofichwa. Mtoto anayetuogopa leo anaficha kidole. Kesho ataficha jambo kubwa zaidi, na sisi tutakuwa wa mwisho kujua.

Juma hili, tukae na watoto wetu jikoni. Tuwaonyeshe kazi kwa mikono yetu, na tuwaambie wazi: ukiumia, njoo kwangu kwanza.

Tuombe: Ee Baba, utupe hekima ya kuwafundisha wale uliotukabidhi, na uponye vidonda walivyotuficha. Katika jina la Yesu, amina.