Majimoto ni Mlinzi wa Minazi

(Mazungumzo ya afisa elimu ya watu wazima na wakulima wa Pwani)



Leo tuzungumze juu ya majimoto. Nani hapa hajaumwa naye? Mimi nilipokuwa kijana nilichoma viota vyake kwa mwenge wa makuti. Nilidhani nasaidia shamba la baba. Kumbe nilikuwa naliharibu!

Kwanza tumtambue. Majimoto ni mwembamba, ana miguu mirefu, na rangi yake ni nyekundu ya kahawia. Huishi mitini. Kiota chake ni majani mabichi yaliyoungwa kwa nyuzi. Nyuzi hizo hutoka kwa watoto wake. Mkubwa humshika mtoto mdomoni, akampitisha huku na huku mpaka majani yashikane. Akikuuma hutia maji makali kwenye jeraha, ndiyo maana akaitwa majimoto. Siafu ni mwingine: huyo hutembea chini kwa msururu, wala hana macho. Majimoto ana macho makubwa.

Anapatikana wapi? Yuko katika nchi nyingi za Afrika zenye joto, kutoka Ghana mpaka pwani ya Kenya na Tanzania, na Unguja pia. Ndugu yake yuko Asia na Australia. Wachina walimtumia kulinda michungwa zaidi ya miaka 1,600 iliyopita.

Sasa faida yake. Yuko mdudu wa jamii ya kunguni anayefyonza vidaka. Vidaka hupukutika, na vinavyobaki huwa na makovu. Majimoto humwinda mdudu huyo. Wataalamu walichunguza jambo hili Unguja katika miaka ya 1950.

Lakini si kila sisimizi ni mlinzi. Yuko mdogo wa kahawia akaaye ardhini, shinani mwa mnazi. Baadhi yao wana vichwa vikubwa. Hao huwafukuza majimoto, na mnazi hubaki bila ulinzi.

Ni kweli, mkwezi huumwa. Lakini maumivu hupita, na kidaka kilichoanguka hakirudi mtini. Basi tusichome viota. Tufunge kamba kutoka mnazi hadi mnazi, majimoto wapate njia.

Kesho chukueni daftari. Hesabuni vidaka vilivyoanguka chini ya minazi mitano yenye majimoto, na mitano isiyo nao. Andikeni, halafu mlinganishe. Hesabu tulizojifunza darasani ni za kazi kama hii.

Mvumilivu hula mbivu.