Huruma Yataka Hesabu



Nilipochagua masomo ya biashara, jamaa walidhani nataka duka Darajani. Nikaingia serikalini, na jioni nikawa mshika fedha wa jumuiya ya mtaani kwetu ya kusaidia mayatima. Tuligawa pesa kwa huruma, bila ya bajeti. Mwaka wa pili watoto wakakosa sare na madaftari. Hakuna aliyeiba, ila mimi, mwenye shahada, niliona haya kuwadai wenzangu stakabadhi.

Tazameni Chumbe, kisiwa kilicho karibu na mji wetu. Matumbawe yake yalitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1994. Malipo ya wageni wanaolala katika vibanda vyake 7 ndiyo yanayowalipa walinzi, ambao wa mwanzo walikuwa wavuvi, na kuwapeleka bure wanafunzi wa skuli zetu kusoma bahari. Faida haiingii mfukoni mwa mtu.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Basi vijana wa biashara, msidhani elimu yenu ni ya kutajirikia tu. Daftari la jumuiya yetu bado ninalo mimi. Atakayekuja nitamfundisha, naye atanikosoa.