Pauni ya Juba Katika Vitabu vya Nairobi: Mhadhara wa Umma Kuhusu Hesabu za Kampuni Tanzu



Katikati ya Desemba 2015, Benki Kuu ya Sudan Kusini iliacha kuishikilia bei ya pauni. Kabla ya hapo dola moja iliuzwa rasmi kwa pauni 2.96. Kufumba na kufumbua ikawa pauni 18 na nusu. Wachuuzi wa Konyo Konyo, soko kubwa la Juba, hawakushangaa sana, maana mitaani dola ilikuwa imeshafika huko. Mshtuko ulikuwa Nairobi. Benki za Kenya zilikuwa zimeshaweka mizizi Sudan Kusini, KCB tangu 2006 na Equity tangu 2009, na kufunga hesabu za mwaka kulikuwa kumebaki wiki mbili.

Chukueni mfano huu nilioutunga, wenye namba nyepesi lakini zinazokaribiana na hali ya wakati ule. Benki ya Nairobi ina benki tanzu Juba. Mwanzoni mwa 2015 benki hiyo tanzu ina mali halisi, yaani mali ukishaondoa madeni, za pauni milioni 250. Pauni moja ni shilingi 30 za Kenya. Mwaka unakwenda vizuri, faida inapatikana pauni milioni 50, gawio halitolewi, na tarehe 31 Desemba mali halisi zimefika pauni milioni 300. Ukizisoma hesabu hizi kwa pauni, meneja wa Juba anastahili pongezi.

Sasa zivusheni mpaka. Kanuni ya kimataifa tunayoifuata Afrika Mashariki, IAS 21, inataka mali na madeni yageuzwe kwa bei ya sarafu ya siku ya kufunga hesabu. Mapato na gharama hugeuzwa kwa bei ya siku vilipotokea, na kwa kurahisisha kazi huruhusiwa wastani. Bei ya zamani ya pauni kwa dola ilidumu miezi kumi na moja na nusu, huku shilingi yenyewe ikishuka mbele ya dola, kwa hiyo wastani wa mwaka ni kama shilingi 32 kwa pauni. Bei ya kufungia ni shilingi 5 na senti 50. Faida ya pauni milioni 50 inaingia katika vitabu vya Nairobi ikiwa shilingi bilioni 1.6. Mali halisi zote za Juba, faida hiyohiyo ikiwa ndani yake, zinaingia zikiwa shilingi bilioni 1.65. Mwanzoni mwa mwaka zilikuwa bilioni 7.5.

Naomba mzitazame namba hizo kwa utulivu. Benki iliyojengwa kwa miaka imebakiwa na thamani inayokaribia kuwa sawa na faida yake ya mwaka mmoja. Katika ukurasa wa faida na hasara tawi la Juba linang'ara, ilhali katika mizania limekwisha. Shilingi bilioni 7.45 zinazokosekana hazipiti kabisa kwenye faida. Zinashuka moja kwa moja katika mtaji wa wanahisa, kwenye akaunti nitakayoiita akiba ya tofauti za sarafu. Mwenye hisa anayeishia kwenye kurasa za mwanzo, penye picha za wakurugenzi na mshale wa faida unaopanda, hatakutana nazo.

Wanafunzi huniuliza bilioni hizo zimekwenda wapi. Ni swali zuri, na jibu la kwamba hii ni hasara ya makaratasi tu silikubali. Ni kweli kwamba hakuna aliyezichukua, wala hakuna noti iliyobadilishwa dirishani. Mhasibu alizidisha tu kwa namba nyingine. Lakini mwenye hisa wa Kenya alipeleka Juba shilingi zilizotolewa jasho, akapewa haki ya kudai pauni. Pauni hizo sasa zinanunua sehemu ndogo ya dola, ya ngano, ya mafuta, ya kila kinachovuka mpaka. Kilichopungua ni nguvu ya dai lake, na upungufu huo ni wa kweli hata kama hauzi hisa zake leo.

Kwa nini basi hasara ya namna hii haipitishwi kwenye faida? Kuna historia hapa, na ilianzia Marekani. Mwaka 1975 bodi inayotunga kanuni za uhasibu ya nchi hiyo ilitoa kanuni namba 8. Iliagiza kila tofauti ya sarafu iingie kwenye faida ya kipindi hichohicho, huku mitambo na bidhaa za ghalani zikibaki kwa bei ya zamani na madeni yakihesabiwa kwa bei mpya. Dola ilikuwa ikishuka mbele ya mark ya Ujerumani na yen ya Japani. Kampuni iliyokuwa na kiwanda Ujerumani na mkopo wa mark uliogharimia kiwanda hichohicho ilijikuta ikitangaza hasara kwa sababu deni lake lilionekana kukua na kiwanda hakikuonekana kukua. Faida ilipanda na kushuka kila robo mwaka bila uhusiano wowote na biashara yenyewe. Wakurugenzi walilalamika mno, na Desemba 1981 ikaja kanuni namba 52: mali na madeni yote kwa bei ya kufungia, tofauti ikae pembeni katika mtaji. Ilipita kwa kura nne dhidi ya tatu. Dunia nzima inatembea na njia ambayo nusura ishindwe kwa kura moja, na mimi naona wale watatu walikuwa na hoja ambayo bado haijajibiwa yote.

IAS 21 ilitolewa 1983, ikaandikwa upya kwa kiasi kikubwa mwaka 2003. Hapo ndipo lilipowekwa wazi swali ambalo kwangu ndilo kiini cha jambo hili: kampuni tanzu inaishi katika sarafu gani? Kanuni inaiita sarafu ya utendaji. Unatazama bei za kile inachouza zinapangwa kwa sarafu ipi, mishahara na gharama zinalipwa kwa ipi, mikopo inachukuliwa kwa ipi. Ni uamuzi wa uongozi wa kampuni, unaokaguliwa na wakaguzi, na una nguvu kuliko unavyodhaniwa.

Rudini kwenye benki yetu ya Juba. Uongozi ukiamua kwamba inaishi katika pauni, zile bilioni 7.45 zinakwenda kwenye akiba na faida inabaki safi. Tuseme lakini kwamba ingethibitika benki hiyo inaishi katika dola, yaani wateja wake wakubwa wanalipana kwa dola, bei zao ni za dola, na pauni ni chenji ya sokoni. Hapo kila pauni iliyo kwenye sefu, kila mkopo wa pauni na kila hati fungani ya serikali iliyoandikwa kwa pauni ni fedha ya kigeni kwa benki hiyo. Hasara ya kushuka kwa pauni ingepita kwenye faida mwaka uleule, na gawio lingejadiliwa kwa sauti nyingine kabisa katika mkutano mkuu. Fedha ni zilezile, na mji ni uleule. Kilichoamua hasara ionekane wapi ni aya moja ya maelezo, nayo mara nyingi huandikwa kwa sentensi mbili tu katika maandishi madogo ya nyuma ya kitabu. Uamuzi wenye uzito huo unastahili ukurasa.

Njia ya bei ya kufungia ina ugonjwa mwingine unaoonekana zaidi pale pesa inapooza. Wazia jengo la benki mjini Juba lililogharimu pauni milioni 60 wakati dola ni pauni 2.96, yaani kama dola milioni 20. Kwa bei ya mwisho wa 2015 jengo hilohilo linasomeka dola milioni 3.2. Mwishoni mwa 2024 bei rasmi ilikuwa inakaribia pauni 4,000 kwa dola. Kwa hesabu hiyo, bila hata kutoa uchakavu, jengo zima la ghorofa ni dola 15,000, bei ya gari lililokwishatumika. Matofali yapo, wapangaji wanalipa, mlinzi yuko getini, na vitabu vinasema halipo.

Ndiyo maana kuna kanuni nyingine, IAS 29, ya nchi ambazo mfumuko wa bei umekithiri. Alama yake moja ni mfumuko uliojumlishwa kwa miaka mitatu kukaribia au kupita asilimia 100. Sudan Kusini iliingia humo mwaka 2016. Oktoba ya mwaka huo bei zilikuwa zimepanda kwa zaidi ya asilimia 800 ndani ya miezi 12. Katika hali hiyo, thamani ya jengo hupandishwa kwanza kwa faharasa ya bei za nchi yenyewe, kisha ndipo kila kitu, pamoja na mapato ya mwaka, hugeuzwa kwa bei ya kufungia. Lile jambo la faida kugeuzwa kwa shilingi 32 na mizania kwa shilingi 5 na nusu linaondoka. Nafuu hii ni ya kweli, ingawa inategemea faharasa ya bei inayokusanywa katika nchi iliyokuwa vitani, na faharasa hiyo haitembei pamoja na bei ya dola mwezi hadi mwezi.

Sasa tazameni hali iliyo kinyume. Januari 2024 dola ilifika karibu na shilingi 160 za Kenya. Kufikia mwisho wa mwaka huo ilikuwa imeshuka hadi kama 129. Equity ilikuwa imenunua benki kubwa ya Kongo mwaka 2020, na KCB ikanunua nyingine mwaka 2022. Kongo ni nchi ambayo amana za benki kwa sehemu kubwa sana ni dola. Kampuni tanzu yenye mali halisi za dola milioni 100 ilianza mwaka 2024 ikiwa na thamani ya kama shilingi bilioni 15.6, ikaumaliza na bilioni 12.9. Pengo la bilioni 2.7 liliingia kwenye akiba ileile ya tofauti za sarafu. Mteja wa Lubumbashi hakuona lolote. Dola zake ziko palepale. Shilingi ndiyo iliyopata nguvu, jambo ambalo mwananchi wa Kenya alilifurahia alipojaza mafuta kwenye gari.

Hili ndilo linalonisumbua, na ndilo nililokuja kulisema. Katika akiba moja, kwenye mstari mmoja wa ukurasa wa mtaji, tunachanganya pauni iliyokufa na shilingi iliyopona. Hasara ya kwanza ni hasara kwa sarafu yoyote utakayoipimia. Ya pili ni mwendo wa rula yenyewe, na mwaka mwingine inaweza kugeuka ikawa faida. Msomaji anaoneshwa jumla. Kwa kanuni, jumla hiyo inaweza kulala hapo miaka ishirini, kwa sababu inapitishwa kwenye faida pale tu kampuni tanzu inapouzwa au kufungwa. Hata ukipunguza thamani ya tawi vitabuni kwa sababu limeharibika, hilo halihesabiwi kuwa umeliachia. Matokeo yake mwekezaji hukutana na hasara ya mwaka 2015 siku ya kuuza, muda mrefu baada ya waliofanya uamuzi kustaafu.

Karibu na kwetu hapa Tanzania kuna Burundi, ambako benki yetu ya CRDB imekuwa na benki tanzu tangu 2012. Mei 2023 faranga ilishushwa thamani rasmi, bei ya dola ikapanda kwa zaidi ya theluthi, na baada ya hapo bei ya mtaani iliendelea kuikimbia ya benki kuu, hadi dola ikawa mtaani zaidi ya maradufu ya bei rasmi. Mhasibu anayegeuza faranga afuate bei ipi? Kwa muda mrefu IAS 21 ilikuwa na jibu fupi mno: bei ambayo ungeipata kama ungekuwa unahamisha fedha siku ile. Haikueleza ufanye nini iwapo ukienda benki na maombi halali hupewi dola kwa bei yoyote, na hali hiyo ikadumu. Agosti 2023 kanuni ilirekebishwa, na tangu Januari 2025 kampuni inatakiwa kupima kama sarafu inabadilishika kweli, na ikiwa haibadilishiki, ikadirie bei na ieleze ilivyoikadiria. Yamechelewa, lakini ni mabadiliko mazuri kuliko yote katika kanuni hii tangu 2003, kwa sababu yanamlazimisha mhasibu atoke kwenye tovuti ya benki kuu aulize kama dola zinapatikana.

Mimi naomba twende hatua moja zaidi. Kila kundi la makampuni lenye matawi nje lichapishe jedwali dogo, mstari mmoja kwa kila nchi. Safu ya kwanza iwe mali halisi kwa sarafu ya nchi hiyo. Ya pili iwe bei iliyotumika kuzigeuza, na ilikotoka. Ya tatu iwe tofauti za sarafu zilizolundikana tangu tawi lifunguliwe, nchi kwa nchi, ili Juba isijifiche nyuma ya Kinshasa wala Kinshasa isibebe lawama ya Juba. Ya nne iwe fedha zilizofika nyumbani kutoka nchi hiyo katika mwaka: gawio, ada na marejesho ya mikopo, kwa sarafu iliyopokelewa.

Wakurugenzi wa fedha watasema safu ya tatu ina kazi, nami nawaelewa, hasa kwa wale walionunua kampuni zilizokuwa na matawi yake tayari. Safu ya nne haina udhuru. Tarehe na viasi vyake vimo katika taarifa za benki za kampuni mama yenyewe. Bodi yetu ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, NBAA, hutoa kila mwaka tuzo za taarifa bora za fedha. Waamuzi wa tuzo hizo, na wenzao wa ICPAK, taasisi ya wahasibu wa Kenya, kule Nairobi, wanaweza kuidai safu hiyo katika hesabu za mwaka huu, bila kusubiri kanuni nyingine ya kimataifa kutoka London.