Injini Kuukuu na Hati Zake: Maneno kwa Mafundi na Madereva wa Busia



Leo tunazungumza juu ya gari ambalo vijana wetu wanalipenda mno: Subaru Impreza ya turbo. Gari hili lilianza kuuzwa Ujapani mwaka 1992, na sifa zake zikaenea zaidi mwaka 1995, Colin McRae alipotwaa ubingwa wa dunia wa mbio za magari akiliendesha. Mengi yaliyoko kwetu sasa yamezeeka. Anayetaka kulihuisha gari kama hilo hana kosa. Twamsifu kwa bidii yake. Ombi letu ni kwamba kazi aifanye yote.

Mafundi mnaijua injini hii kuliko sisi. Ni ya lita mbili, silinda zake nne zimelala ubavu, mbili kila upande. Haivumilii uhaba wa oili. Oili ikipungua, beringi huliwa, injini ikaanza kugonga. Na dereva anayeongeza sauti ya redio ili asisikie mgongo huo atalala njiani, pengine usiku, mbele ya lori. Mkanda wa taimingi ukikatika, valvu na pistoni hugongana. Usipoziba ufa, utajenga ukuta: pimeni oili kila wiki, na aliyenunua gari asilolijua historia yake abadilishe mkanda huo mapema.

Injini ikishafunguliwa, msiridhike na beringi mpya. Krenki ipimwe, na ikibidi ichongwe kwa mashine. Njia za oili zisafishwe, kwani chembe za chuma zilizobaki humo huua injini mpya kwa siku chache. Na breki zikaguliwe, kwa maana nguvu iliyorudishwa yahitaji breki za kuizuia.

Lakini wengi huona kuijenga upya ni gharama, wakanunua injini iliyotumika. Hapo ndipo tunapokutana nao kizuizini. Kijana mmoja alisimamishwa na askari wetu. Namba ya injini haikulingana na hati ya usajili. Alikuwa ameinunua kwa fedha yake halali, ila muuzaji hakumpa risiti, na simu yake haikupatikana tena. Gari likakaa kituoni majuma kadhaa, na kijana huyo akakosa kazi aliyokuwa akiifanya kwa gari hilo. Hakuwa mwizi, alikosa karatasi tu. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, itazameni namba iliyogongwa juu ya bloku, karibu na pale injini inapoungana na giaboksi. Ikiwa imekwaruzwa au imesagwa, ondokeni, hata bei iwe nafuu namna gani. Pateni risiti yenye namba hiyo, jina la muuzaji na tarehe. Injini inayovushwa mpaka ni bidhaa. Ipitisheni forodhani, wala msiipakie pikipiki usiku kupitia vichochoroni. Kisha pelekeni taarifa kwa mamlaka ya usajili ili hati ibadilishwe. Nanyi wenye gereji, wekeni daftari la kila injini inayoingia na inayotoka. Siku swali litakapoulizwa, daftari hilo litawatetea.

Nasi tuna la kukiri. Baadhi yetu tumemtazama kila kijana mwenye Subaru kana kwamba ni mhalifu, kwa mngurumo wa gari lake tu. Hilo si haki, na limewafanya wengi waogope kutujia hata walipouziwa mali ya wizi. Tunawaahidi kwamba atakayeleta namba ya injini kituoni kabla ya kununua, atasikilizwa kwa heshima, wala asidaiwe hata senti. Akidaiwa, amwone mkuu wa kituo siku hiyo hiyo.

Injini iliyoibwa upande mmoja huuzwa upande wa pili, na aliyeibiwa ni jirani yetu. Tukikataa kuinunua, mwizi atakosa soko.

Sasa tunayapokea maswali yenu.