Mota Ivumayo Isizunguke

Jioni hii nataka kunena nanyi habari za mashine mbili zilizomo katika karakana nyingi za chuma: ile ya keekee, itoboayo matundu, na ile ya milingi, ambayo kikataji chake huzunguka na kuchonga chuma kilichofungwa juu ya meza. Sitanena habari za meno ya vikataji, bali za mota izungushayo meno hayo, na sababu zake za kugoma.

Zamani nilipokuwa fundi mdogo katika karakana moja, mashine ya milingi iliwashwa asubuhi, nayo ikavuma kama mzinga wa nyuki, isizunguke. Mwanagenzi aliyeiwasha akalaumiwa papo hapo, kwamba jana yake aliipa kazi nzito hata akaiunguza, ikaamuliwa akatwe mshahara. Mota ikafunguliwa, ikapelekwa kusukwa upya. Ikarudi baada ya majuma mawili, ikafungwa mahali pake, ikawashwa. Ikavuma vile vile. Ndipo mzee mmoja, fundi wa umeme, alipofungua kisanduku cha swichi kilichokuwa ukutani, akakuta skrubu moja imelegea na waya wake umekuwa mweusi kwa joto. Akaikata ile ncha nyeusi, akaumenya waya upya, akakaza skrubu. Mashine ikaenda. Fedha za kusuka zilikuwa zimekwisha lipwa, na yule kijana alikuwa amekwisha kwenda zake.

Sababu yake ni hii. Mota kubwa hupata umeme kwa nyaya tatu, yaani fezi tatu, nazo kwa zamu huizungusha nguvu ya sumaku iliyo ndani. Fezi moja ikikatika, nguvu ile haizunguki tena. Hutetema mahali pamoja, na mota huvuma na kupata moto. Hatari zaidi ni ikikatika mota ikiwa katika mwendo, maana itaendelea kuzunguka, huku fezi mbili zilizobaki zikibeba mzigo wote, hata nyaya za ndani ziungue. Basi kabla ya kuigusa mota, fundi wa umeme na apime volti kati ya kila fezi mbili, kwanza zinapoingia katika swichi, kisha zinapotoka. Penye volti 400, vipimo vyote vitatu viwe karibu na 400. Vikiwa sawa panapoingia na visiwe sawa panapotoka, ugonjwa umo katika swichi, na mota haina kosa.

Keekee ndogo ya mezani mara nyingi hutumia fezi moja. Hii mara nyingi huanza mwendo kwa msaada wa kapasita. Ikivuma bila kuzunguka, kata umeme, kisha zungusha mhimili kwa mkono. Ukiwa mgumu, tazama beringi, na tazama kama mkanda umekazwa kupita kiasi. Ukiwa mwepesi, shuku kapasita, au swichi ndogo ya ndani iitoayo kapasita njiani mwendo ukishika kasi. Wako mafundi wanaoisukuma puli kwa mkono hali umeme umewashwa, nayo mota ikaondoka. Kweli dalili hiyo yaonyesha kosa liko wapi, lakini nimeona vidole vilivyopotea kwa ajili yake. Na kapasita huweza kuweka umeme hata baada ya swichi kuzimwa. Iondolewe umeme huo kwanza, ndipo ishikwe.

Mota ikianza vema, kisha ikazimika kila baada ya muda, watu huilaumu kinga ya mzigo, wakaifunga kwa waya isizime. Huko ni kuua mota kwa makusudi. Afadhali tazama keekee kama ni butu, na waya uletao umeme kama ni mrefu na mwembamba mno. Kwani volti zikipungua kwa sehemu moja katika kumi, nguvu ya mota ya kuanzia mwendo hupungua kwa karibu sehemu mbili katika kumi.

Baada ya matengenezo, iwashe mashine kwanza bila kikataji, uone yazunguka upande gani. Keekee izungukayo kinyume haikati. Husugua tu, ikapata moto na kubadilika rangi. Katika mota ya fezi tatu, dawa yake ni kubadilishana mahali nyaya mbili zozote.

Tena, kinga za namna nyingine hujirudisha zenyewe zikipoa. Mashine imezimika keekee ikiwa tunduni, mtu ananyosha mkono kuondoa vinyweleo vya chuma, nayo yaanza kuzunguka. Kwa hiyo, kabla ya kutia mkono, zima swichi kuu ya ukutani, ifunge kwa kufuli, na ufunguo utie mfukoni mwako mwenyewe.